Mtihani wa Ratili Mbili

Karatasi za mtihani wa London, niliambiwa, hazisomwi. Hupimwa. Iko mizani ya shaba, ndefu kama mnara. Majibu yako huku, jiwe la ratili mbili kule. Majibu yakizama, umefaulu. Aliyeniambia ni mwenzangu ghalani Matrah, bandari ya Waarabu, tulikokuwa tukipima tende na ndimu kavu kutwa, naye aliapa kwa babu zake wote. Mimi niliamini kuliko yeye. Kwani Matrah kitu gani kilikuwa hakipimwi?

Nilikuwa nimekuja kutoka Unguja na Kiingereza cha shule. Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Baada ya Magharibi, maalim mmoja wa kwetu alitusomesha watu wazima sebuleni kwake, bure, na kahawa juu. Halwa pia, siku akifurahi. Dunia nzima sijaona mwalimu mwingine aliyewahonga wanafunzi wake wajue hesabu.

Siku hizo kusafiri kulitaka ruhusa, na yangu ilitoka ya safari moja: ama Bahrain nikafanye mtihani wa London wa kuingilia chuo, ama Kuwait nikafanye wa Kiarabu. Nikikosea mlango, chuo nitakisikia redioni, nami nitazeekea kwenye tende.

"Bahrain," nikamwambia maalim. "Kwa Kiingereza nnajaza karatasi mpaka wino unaomba msamaha."

"Hebu tuone. Kwa nini chuma hula kutu? Nijibu kwa lugha zote mbili."

Kwa Kiingereza nilianza na panga za mababu, nikapita kwenye nanga zote za bandari, karatasi ya tisa nikawa nakaribia mwezini. Kutu yenyewe sikuifikia. Kwa Kiarabu nilitoa mistari minne: chuma, maji, hewa, basi. Wa tano sikuwa nao.

Maalim alisoma, akacheka mpaka akavua miwani.

"Hii ya Kiingereza bwana ni hadithi, tena tamu. Hii ya Kiarabu ni jawabu. Utakwenda Kuwait. Maneno yaliyopungua tutayatafuta hapa hapa, kila jioni."

Na kweli tuliyatafuta, miezi yote iliyobaki, na wengine walipokwenda zao alinibakisha na birika jipya. Kuwait nikafaulu, chuo nikakiingia. Kila mkate nilioula tangu hapo una mkono wake. Mungu ampe pepo yenye sebule kubwa. Lakini jioni ile, badala ya kushukuru, nilibisha.

"Mistari minne, maalim! Si itapeperuka?"

"Ipeperuke wapi?"

"Kwenye mizani. Hawa wa Kuwait jiwe lao ratili ngapi?"

Akauliza jiwe gani. Ikabidi nimweleze yote, mnara, shaba na jiwe. Safari hii hakucheka. Akanimiminia kahawa.

"Mwanangu, mizani hakuna. Si London, si Kuwait. Kuna mtu amekaa kitini, anasoma."