Nilimkana Ndugu Yangu Kortini Ili Apande Cheo

Kosa ni langu. Nalisema mapema, msije mkanihurumia bure. Jina langu sitoi, lakini yao nawapa: Katana, ndugu yangu wa tumbo moja, na Jefwa, mkubwa wake pale ofisi ya mawakili Malindi. Wawili hao walinipika, nami nikakubali kuiva.

Katana nimemlea mimi. Mama alikuwa mgonjwa kule Ganze, nikaacha shule darasa la nne, nikashuka Dabaso kukaanga samaki. Mjane mmoja, Mama Kadzo, akanipokea. Akanipa pembe ya shamba lake nikajenga kibanda, kodi hakuniuliza hata siku moja. Moshi wa samaki wale ndio uliomfikisha Katana chuo kikuu! Likizo alikwenda kwa mama. Dabaso hakukanyaga, akiona haya harufu yangu. Nami mjinga nikasema, ndio usomi huo.

Akaajiriwa kwa Jefwa. Miaka ikapita akiwabebea wakubwa mikoba, wenzake wanapanda, yeye yuko pale pale. Kisha tajiri mmoja wa hoteli akalitaka shamba la Mama Kadzo, maana linatazama bahari pale Mida. Kesi yake tajiri ikaangukia ofisi ya kina Katana, wamtetee yeye.

Mama Kadzo hati hakuwa nayo. Alikuwa na koma. Kwa asiyejua, koma ni vile vijiti tunavyosimika kuwakumbuka wazee wetu waliokufa, tukavifunga vitambaa na kuvimwagia tembo la mnazi. Palipo na koma za babu zako, nani atakwambia wewe ni mgeni? Mimi mwenyewe nilikuwa nikimshikia kitambaa akizifunga! Lo!

Katana akaniita mjini, tukakaa na Jefwa kwenye chai.

"Dada, sema tu koma zile zimesimikwa juzi. Wewe wakaa pale, wataamini."

"Na Mama Kadzo?"

"Hatakosa pa kukaa. Au wataka nizeeke nikibeba mikoba?"

Jefwa akacheka. "Mama, nyumba ya wakili mkubwa haikosi chumba cha dadake."

Chumba! Niliuza wafu wa watu kwa ahadi ya chumba!

Kortini nikala kiapo, nikasema kama nilivyofundishwa. Mama Kadzo hakunitazama mimi, alimtazama Katana. Akamnong'oneza wakili wake, naye akaniuliza mbele ya hakimu: "Mama, yule kijana pale, mbona mmefanana hata meno? Wamjua?"

Katana akainamia karatasi zake.

"Simjui. Leo ndiyo mara ya kwanza kumwona."

Wakaniamini. Tingatinga lilipoingia, koma zilivunjika kama kuni. Mama Kadzo akanijia, mkeka wake kwapani. Nikangoja matusi.

"Mwanangu, sikulaani," akasema. "Umesema humjui. Basi naye asikujue."

Akaenda zake. Alifia kwenye uwanja wa watu, masikini.

Katana akapanda! Akawa mshirika wa Jefwa, na leo ndiye mkuu wa ofisi ile, anaogopwa hata na waliombebesha mikoba. Nikimpigia simu: "Dada, ngoja rufaa iishe. Wakijua sisi damu moja, mimi navuliwa joho, wewe unafungwa." Rufaa ikaisha. "Ngoja kidogo, sasa nina jina." Nangoja mpaka leo, kwenye chumba cha kupanga Maweni, mvua ikinyesha nahamisha kitanda.

Majuzi tumemzika mama. Katana alileta msafara wa magari, mawakili watupu, na yule hakimu wa kesi yetu akiwa miongoni mwao. Nikapita na sinia la chai. Hakimu akanikazia macho.

"Huyu mama si nilimwona mahali?"

"Alikuwa akimsaidia mamangu kazi za nyumbani, mheshimiwa," Katana akajibu. Hakupepesa jicho!

Shangazi yetu Mbeyu alikuwa karibu. "Kazi gani, we Katana? Chuo kikuu kimekula akili? Si dadako huyu, aliyekubeba mgongoni mpaka ukamkojolea?"

Watu wakacheka. Hakimu akanigeukia. Mulungu wangu! Kweli ilikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini kiapo changu kilikuwa kimekaa mbele yangu, kinakunywa chai.

"Bibi amezeeka, mheshimiwa," nikasema. "Anachanganya watu."

Shangazi alinitazama kama aliyetemewa mate.

Kaburini wakaita watoto wa marehemu waje watupe mchanga. Akaenda Katana peke yake. Mimi nilisimama nyuma, na wapishi, sinia tupu mkononi. Mama yangu mzazi!

Wewe unayejinyima umsomeshe nduguyo, msomeshe, ni haki yake. Lakini akikuomba uongo ili apande, mwache abaki chini akiwa nduguyo. Mimi wangu yuko juu, na siwezi hata kumwita ndugu.