Vanishi Iliyoukimbia Mkono Wangu

Nianze na aibu yenyewe ndio tumalizane nayo. Miaka mitatu iliyopita niliandika hapa hapa habari ya fundi mmoja wa Kabiria aliyemwambia bosi wake kwamba vanishi imekimbia mezani, kama bwana arusi aliyeona mama mkwe. Mlicheka, mkaniandikia barua, mhariri akaikuza picha yangu. Sikuwaambia kwamba aliyeifukuza hiyo vanishi ni mimi, kwa mkono huu huu wenye vidole vinne na nusu. Yule fundi, mzee wa watu, alifariki wiki jana. Jumamosi tulimwombea kwenye kanisa la mabati pale Kabiria, kisha gari likambeba kwenda kwao magharibi. Nilikaa benchi ya nyuma nikiomba nisitambuliwe, ingawa ile picha ya gazeti hata haifanani na mimi.

Kabla niwe mwandishi nilikuwa mtu wa msasa. Shule tuliachana nayo Form Two, kibanda cha fanicha kikanichukua, na wiki ya pili msumeno ukachukua nusu ya kidole changu cha mwisho. Mzee ndiye alikuwa fundi wa vanishi, na alikuwa na sheria moja iliyotuchekesha: hakuna kujipaka mafuta mikononi mpaka jioni. Thina, ile dawa ya kuyeyushia vanishi, inakausha ngozi mpaka unafanana na mtu aliyepigana na gunia la unga, lakini yeye hakutaka hata harufu ya mafuta. Siku moja alimwaga maji ya wino kwenye sahani, utandu mwembamba tu, akadondosha tone moja la spiriti katikati. Maji yakakimbia pande zote, yakaacha duara kavu, na ukingo wake ukawa unatetemeka kama umeshikwa na baridi.

"Nani amesukuma?" akauliza. Nikamwambia huo ni uganga wa kwao.

"Hakuna mtu amesukuma, kijana yangu. Hapo juu maji iko na ngozi, inavutana kila upande. Spiriti ikiingia, hapo inalegea. Kwingine bado inavuta, sasa maji inaenda na mwenye nguvu."

Vanishi ni hivyo hivyo, alisema. Thina ikiwa bado inatoka kwenda hewani, ile ngozi ya juu haijatulia, na ikikuta mafuta kidogo tu, vanishi inajikunja inaondoka. Nilicheka sana, lakini nilielewa. Hilo ndilo linaniuma, nilielewa.

Basi kukawa na meza ya mama mmoja wa Muthangari, ya watu kumi na wawili, ya siku wakwe wangekuja kuleta mahari ya binti yake. Asubuhi hiyo nilikuwa nimejipaka mafuta, tena ya kumeremeta, kwa sababu kulikuwa na msichana wa kuuza kadi za simu na sikutaka anisalimie mkono mweupe kama chaki. Nikapangusa vumbi la mwisho, simu ikalia, nikaegemea meza kwa kiganja nikiongea utamu. Halafu mzee akapuliza vanishi kwa mashine. Nilikuwa kando nikikusanya vitambaa niliposikia mashine imenyamaza. Kutoka pale nilipokuwa niliona tu matundu yakifunguka, vanishi ikirudi nyuma. Kabla nisogee, mzee alikamata kitambaa cha thina akafuta meza nzima, mbio, kama mtu anayezima moto. Bosi akaingia na mwenye meza, akamkuta katikati ya ule uchafu, akauliza ni nini hii.

"Vanishi imekimbia," mzee akasema.

Bosi akamuuliza kama amekunywa. Mzee, mtu wa kanisa, akakunja kile kitambaa. Mimi nikaingiza mikono mfukoni. Kufikia saa nane alikuwa amefutwa kazi, amekusanya brashi zake akaenda.

Ingeweza kuisha hapo. Lakini nilipopata hii kazi ya gazeti, kuna wiki nilikosa cha kuandika, nikamkumbuka. Niliongeza kwamba alifuta meza ili afiche ushahidi, na hiyo ndiyo sentensi mliyoipenda zaidi. Jina sikutaja, lakini mafundi wa vanishi Kabiria si wengi. Mtoto wake alisema kanisani kwamba wateja wa Kilimani, wale wa kujaza viti kwenye ghorofa mpya, walikuwa wanamuuliza kama ni yeye wa vanishi ya kukimbia. Wanacheka, halafu wanatafuta mwingine. Miaka yake ya mwisho alipaka mageti. Nimejifunza kwamba kicheko ni kama lile tone la spiriti: humwoni mtu akisukuma, unaona tu watu wamesogea, wakaacha duara kavu na mmoja katikati.

Baada ya ibada nilimwendea dada aliyekuwa anashona viti kibandani, ambaye siku ile alisimama upande wa pili wa meza. Nikamwambia yote, mafuta, simu, mikono mfukoni. Bado nikajitetea kidogo: angalau pale kwa kufuta sikudanganya, ile haraka yake ilikuwa ya mtu mwenye makosa. Dada akauchukua mkono wangu, akaukunjua kama anatafuta mwiba.

"Mimi niliona," akasema. "Vanishi iliacha mkono mzima pale juu. Kiganja, vidole, na kile cha mwisho kifupi. Mzee akauona, akasikia bosi kwa mlango. Ndio maana alifuta."