Oili Iliyopimwa Mteremkoni

Salvator alikuwa fundi wa magari Nyamirambo, mtaa wa Kigali, tangu ahamie kutoka Bujumbura, na mwaka huo wa 1992 hakuna dereva aliyethubutu kubishana naye. Kila injini iliyokufa, kwake muuaji alikuwa mmoja tu: dereva. Alilisema hilo mbele ya wenye magari, tena kwa raha zake.

Asubuhi moja pikapu ya Madame Générose, muuza saruji, iliingia ikigonga kama mtu anayetwanga majani ya sombe. Mama mwenyewe alishuka na ufunguo kiganjani. Dereva wake Gatera, baba wa watoto watano, alisimama nyuma yake amenywea.

"Fundi, angalia. Kama aliacha oili iishe, huyu leo anaenda kwake. Nimechoka naye."

Salvator alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilifika alama ya juu. Akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akamwambia Gatera awashe kidogo. Mlio wa kugonga ulitoka chini kabisa, mzito, kwenye vyuma laini vinavyoshika shafti. Ndiyo sauti ya injini iliyokosa oili. Sasa oili ipo, na injini inalia njaa?

"Patron, si ni wewe ulipima juzi?" Gatera alisema polepole. "Hapa hapa. Mimi hata sigusi, ulinikataza."

Ilimchoma. Angeweza kusema dereva kaongeza oili njiani ili ajifiche, na angeaminiwa. Lakini Salvator alikuwa mbishi, na ubishi wake haukumwacha hata yeye mwenyewe.

"Tulisukume gari hadi kule chini, kwenye tambarare."

Walilifikisha, wakangoja oili itulie. Akachomoa kijiti. Kikavu.

Akainua macho kutazama gereji yake. Ilikuwa mteremkoni, kama nusu ya Kigali, na magari yalisimama pua juu, oili yote ikikimbilia upande wa kijiti. Miaka sita alipimia pale! Mkuki kwa nguruwe, jamani. Leo ulimfika yeye, na aibu ilimpanda hadi masikioni.

Hakuishia hapo. Alilala chini ya gari palepale barabarani, akafungua sinia la oili lililo chini ya injini. Vijiko vichache tu vilitoka, vyeusi, vikimetameta unga wa chuma. Akapitisha ukucha kwenye shafti. Ukakwama kwenye michirizi ya chuma kilicholika. Akatoka, vumbi mgongoni.

"Madame, mpe Gatera ufunguo wake. Injini hii nimeiua mimi, na nitaitengeneza mimi."

Madame Générose alimkabidhi Gatera ufunguo, kisha akamgeukia fundi.

"Na wale madereva wengine, Salvator? Wale uliosema ni wao?"

Kamanzi alifukuzwa kazi kwa neno la Salvator. Munyaneza pia, mke wake akiwa na mimba. Salvator alifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Gatera," alisema, "unajua kwa Kamanzi? Nipeleke sasa hivi."