Nia ya saluni, kwa mara nyingine

Jamani, leo jumuiya nzima imeniumbua!

Tulikuwa kwa Mama Kasto, hapahapa Makambako, tunafunga mwaka. Kila mtu anataja nia yake ya mwaka mpya, wengine wanaitikia.

Zamu yangu ikafika. Nikaanza kwa upole: "Ee Bwana, nijalie nifungue saluni yangu..."

Sijamaliza, wakamalizia wao: "...pale Lyamkena!"

Kumbe niliomba hivyohivyo mwaka jana. Na mwaka juzi.

Wote wakacheka, isipokuwa Mama Kasto. "Mwanangu, Mungu alishasikia. Tunakusubiri wewe."

Viazi vyake nikaviacha sahanini. Nikaaga.

Sasa hivi nimesimama Lyamkena, mbele ya fremu tupu ya biashara, inayopangishwa. Mwenye fremu yuko uani, namsikia anakohoa.

Nipige hodi? Jibuni haraka, miguu imeshaanza kugeuka.