Meli Iliyobeba Mbaazi za Karatu

Mwaka wangu wa pili kazini Dar es Salaam, kwenye ofisi ya mawakili inayoshughulika na mizigo ya baharini na kampuni zilizofilisika, ililetwa kesi ya mbaazi za kwetu Karatu.

Kampuni moja ilikuwa imezinunua kwa wakulima, kuanzia Karatu mjini hadi Baray, ikawalipa kidogo na kuahidi kumalizia baadaye. Ikafilisika mzigo ukiwa umeshapakiwa melini. Mteja wetu alikuwa mwenye meli. Naye hakuwa amelipwa nauli, na sheria ilimruhusu kuuzuia mzigo.

Nilimwambia bosi wangu kwamba baba yangu ni mmoja wa wakulima hao. Akaniondoa kwenye kesi, akanionya nisiizungumze na mtu.

Wiki hiyohiyo baba akapiga simu. Akanieleza habari za mvua na ndama aliyezaliwa, kisha akauliza, "Mama, hizo mbaazi zetu zikiuzwa huko, sisi tunamdai nani?"

Nikamjibu kwamba ofisi yangu iko upande wa mwenye meli, siruhusiwi kusema zaidi. Nikamshauri watafute wakili Arusha. Akasema sawa, akanitakia kazi njema.

Wakili walimpata, lakini mahakama iliamuru mzigo uuzwe. Mwenye meli alichukua chake, benki iliyoikopesha kampuni ikafuata. Wakulima hawakuambulia kitu.

Nilikwenda nyumbani Krismasi. Baada ya ibada majirani wakanizunguka nje ya kanisa, wakitaka nieleze. Kesi ilikuwa imekwisha, na uamuzi ulisomwa mbele ya watu, kwa hiyo nikaeleza: ukishamkabidhi mnunuzi mzigo, ni mali yake hata kama hajamaliza kulipa, na akifilisika unasubiri zamu yako. Mama mmoja jirani, ambaye utotoni nilikula kwake kama kwetu, alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mahakama ilijua nani amezilima?" akauliza.

"Ilijua, mama."

"Na wewe ulijua."

Nilisema ndiyo. Akafunga vizuri khanga yake, akaondoka bila kuniaga.

Njiani nilimwambia baba nafikiria kuacha kazi ile.

"Usiache," akasema. "Ila siku nyingine tuambie mapema, kabla hatujapakia magunia kwenye lori."

Tangu hapo, kila msimu wa mavuno naomba likizo, nakaa uani kwa baba, nawasomea wakulima mikataba kabla hawajatia sahihi. Wengine wanakuja, hata kutoka mbali. Yule mama hajaja hata mara moja. Nasikia shamba lake amelikodisha, na wanawe wawili wanafanya vibarua kwenye hoteli huko njia ya Ngorongoro. Nikipita kwake nasalimia, shikamoo, naye anaitikia marahaba akiwa ndani, hatoki.