Saa Nne za Baba Neema Zilizopotea Angani

Wivu ninao tangu utotoni, lakini juzi ndio uliniumbua.

Mume wangu, Baba Neema, ni nesi wa mikataba. Juzi alisafiri kutoka Minneapolis kwenda Anchorage na nesi mwenzake, Rehema, yule mwenye vishimo mashavuni. Tiketi niliipiga picha mwenyewe: kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa saba mchana. Hapa nyumbani Wheaton nikakaa na simu mkononi. Saa saba ikapita, saa tisa ikapita. Saa kumi na moja ndipo akaandika: "Ndio tumetua, mpenzi."

Tumetua! Saa nne nzima walikuwa wapi, yeye na yule wa vishimo?

Niliwaita wasimamizi wetu wa ndoa, mzee na mkewe, wakaja kutoka Temple Hills na foleni yote ile. Walipofika ilikuwa saa moja usiku, giza limeshaingia. Nikawasha taa, nikawawekea chai na picha ya tiketi.

"Safari ya saa tatu imechukua saa saba," nikalia. "Nataka aeleze mbele yenu."

"Ni maili elfu mbili na nusu, mwanangu," mzee alisema taratibu.

"Baba, usimtetee!"

Mzee akampigia kwa video. Baba Neema akatokea amekunja uso, jua linampiga machoni.

"Shikamoo baba! Mbona huko giza? Huku ndio kwanza saa tisa mchana."

Mzee akatazama dirisha letu, akatazama simu, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, saa zako nne nimeziona. Mumeo yumo humo, anaota jua."