Novemba Nitalala Wapi

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa na ndugu zake wakaja kuchukua ng'ombe. Walikuwa ng'ombe kumi na wanne. Walituachia jogoo mmoja na mtungi wa maji. Mama akatutoa upande wa Kisesa kwa miguu mpaka mjini, na shule yangu ikaishia hapo, darasa la tatu, katikati ya muhula. Ndiyo maana naandika polepole na herufi zangu ni kubwa. Lakini naandika mwenyewe. Sijawahi kumwomba mtu anisomee karatasi nikaweka dole gumba.

Hayo nayasema mapema ili mtu asidhani jambo la mwaka huu limenikuta sijui shida. Limenikuta nimechoka tu.

Kazi yangu ni dagaa. Nilianza kwa kubeba beseni la mama mwingine, sasa nina vichanja vyangu vya kuanikia. Alfajiri nakwenda mwaloni boti zikiingia, nanunua, naanika, nageuza, nachambua, nauza. Ni kazi ya mgongo na jua. Jua likiwaka vizuri dagaa wanakauka siku moja, wanang'aa. Mvua ikiwanyeshea wanabadilika rangi, wanakuwa kama majani ya chai yaliyokwisha chemshwa, na wananuka. Hao hatuli. Wananunuliwa kwa bei ya kutupa na watu wa chakula cha kuku.

Mwezi wa tisa binti yangu wa mwisho alinipigia simu. Anaishi Ulaya, mji mdogo kando ya bahari, nchi ya baridi. Alikwenda kusomea uuguzi, akaolewa na mtu wa huko. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilitoka changa. Ya pili ilitoka ikiwa imeshakuwa mtoto wa kupewa jina, na alijifungua akiwa na mumewe na wageni waliovaa glavu, basi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nataka uje. Daktari anasema mwisho wa Novemba."

"Nije wapi?"

"Huku. Nauli ya Novemba ni rahisi, mama. Watalii wameshaondoka, ndege zinakuja nusu tupu."

"Mbona rahisi?"

"Kwa sababu siyo msimu."

"Siyo msimu ndiyo nini?"

"Baridi, mama. Mvua, upepo. Jua linazama saa kumi."

"Kwa hiyo unaniuzia dagaa wa kuku."

Alicheka, kisha akasema, "Ndiyo, mama, ni dagaa wa kuku. Lakini mimi nazaa Novemba. Sizai Julai."

Nilimwambia miguu inaniuma. Ni kweli, goti la kushoto halikunji sawasawa. Nilimwambia Novemba mvua zimeanza na mtu wa kufunika vichanja ni mimi. Nayo ni kweli. Nikamwambia nitafikiri. Hapo sikusema kweli, kwa sababu nilikwisha kukataa moyoni.

Sababu yenyewe nilikuwa naionea aibu kuisema kwenye simu. Ni mkwe.

Kwetu mama hakai pamoja na mume wa binti yake. Hawashikani mikono, hawali chombo kimoja, wakikutana njiani mmoja anapisha porini. Kulala chini ya paa moja ndiyo kabisa haifai. Siku hizi mjini watu wamelegeza, naona kinamama wanapanda gari la mkwe na kukaa kiti cha mbele. Mimi sikulegeza. Wakwe zangu wengine wawili wako hapa hapa Mwanza, na nikienda kumwangalia mtoto naketi uani, jioni narudi kwangu Butimba. Hao wakwe wananiheshimu mpaka leo. Huyu wa Ulaya, kutoka kwake nitarudi wapi jioni? Nyumba yao ni vyumba viwili ghorofani na bafu moja. Bafu moja! Niingie nikute ameacha taulo lake?

Tena huyu nilikwisha kupata naye ajali. Mwaka juzi binti alinipigia simu ya picha niko kwenye vichanja. Tunaongea vizuri, mara nyuma yake akapita mumewe, kifua wazi, anakunywa maziwa kwenye pakiti. Akaniona. Akapunga mkono, "Shikamoo mama!" kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Niliilaza simu kifudifudi juu ya dagaa, nikajifunika kanga uso mzima, nikakaa hivyo. Binti anaita, "Mama! Mama, umeanguka?" Jirani yangu wa kichanja alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga.

Jirani huyo ni mwanamke wa Ukerewe. Tumeanika pamoja zaidi ya miaka ishirini, na mdomo wake hauna breki. Nilipomweleza habari ya Novemba hakuacha kuchambua dagaa wake.

"Sema unaogopa ndege."

"Siogopi ndege. Nimepanda meli zilizokuwa mbovu kuliko ndege yoyote."

"Basi nini?"

"Nitalala wapi?"

Akaelewa papo hapo, maana na yeye ana wakwe. "Lakini yule Mzungu," akasema. "Mwiko wetu yule ataujulia wapi?"

"Asiujue. Mimi naujua."

"Kalale juu ya mti kama kuku wa kienyeji."

"Novemba kwao miti haina hata jani."

"Umeshaulizia mpaka miti! Kumbe unataka kwenda."

Tulicheka. Kisha akaweka ungo chini. Nikajua linakuja jambo.

"Dada, nikuambie?"

"Hata nikikataa utaniambia."

"Ile mimba ya pili alikuita. Ukasema dagaa ni wengi, boti zimejaa, huwezi kuacha. Sasa hivi unasema mkwe. Ikija ya nne utasema nini?"

Niliinuka nikageuza dagaa ambao nilikuwa nimeshawageuza. Sikuongea naye siku ile wala kesho yake, na kwa watu wawili wanaoanika bega kwa bega hiyo ni kazi kubwa kuliko kuongea.

Alikuwa amesema kweli. Mara ile ya pili binti aliponiita dagaa walikuwa wengi kweli. Nilipata faida nzuri mwezi ule, nikaezeka vyumba viwili. Alipopiga simu baada ya wiki tatu kusema mtoto hayupo, nilikuwa na fundi juu ya paa. Nilimwambia pole, mwanangu, Mungu ndiye anayejua. Nikamwuliza kama wamemzika. Akasema wamemzika. Halafu fundi akauliza misumari iko wapi, nami nikamjibu nikiwa bado na simu sikioni. Binti alisikia. Hajawahi kunitajia, na mimi sijawahi kuomba msamaha. Vile vyumba wamepanga watu, na kila nikiangalia bati lake nakumbuka.

Siku ya tatu nilimpigia mwenyewe. Nikamweleza habari ya mkwe wazi wazi, kama nilivyoiandika hapa.

"Mama, kumbe ni hilo tu?"

"Usiseme tu."

"Nilidhani hutaki kuniona."

Hilo liliniuma. Nikakohoa.

Akaongea na mumewe kwa lugha yao, nasikia. Akarudi. "Amesema atahama. Atalala kwa rafiki yake wiki sita, wewe ulale hapa na mimi."

"Mwanamume atoke nyumbani kwake mkewe amejifungua, kwa ajili yangu? Watu watasema nini?"

"Watu gani, mama? Huku hakuna watu."

"Mimi ni watu."

"Sasa mama, unataka nini? Hapa hutaki kulala. Yeye akitoka hutaki. Nizae barabarani ili tuwe sawa wote?"

Alikuwa amekasirika, na amechoka. Sauti ya mwanamke mwenye tumbo la miezi saba naijua, nimezaa watoto watano. Nikashusha yangu. Nikamwambia, "Hao watalii walioondoka, walikuwa wanalala wapi?"

"Watalii?" akauliza.

"Si umesema wameondoka? Basi walipolala pako wazi."

Kumbe ng'ambo ya barabara yao kuna nyumba ya bibi kizee anayepangisha vyumba kwa watu wa kiangazi. Wakiondoka anafunga madirisha, anazima mabomba, anakaa jikoni peke yake mpaka joto lirudi. Binti alivuka barabara kesho yake akagonga. Julai chumba pale hukipati, wanakigombea mwaka mzima kabla. Novemba yule bibi alishangaa kuona mtu. Alikubali kufungua kimoja, cha chini kwa ajili ya goti langu, kwa bei ndogo, na akauliza kama huyo mgeni anakunywa chai. Anakunywa.

Kwa hiyo ule msimu mbovu ndio ulionipa pa kulala. Nilikuwa nimeudharau.

Nilimwambia binti masharti. Asubuhi mumewe akishatoka kwenda kazini, nitavuka barabara. Nitamwogesha maji ya moto, nitamkanda tumbo, nitampikia uji wa ulezi nitakaobeba mwenyewe, nitambeba mtoto. Mume akikaribia kurudi apige simu, nitavaa koti nirudi kwa bibi kizee. Tukikutana mlangoni atanisalimia akiangalia chini, nami nitamjibu nikiangalia pembeni. Na avae shati.

"Atavaa, mama," akasema. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

Sikufurahi kama watu wanavyofikiri. Jirani alipiga vigelegele mwalo mzima ukageuka. Mimi nilikuwa nahesabu hatua za kuvuka barabara yenye barafu, gizani, kwa goti hili. Viza niliifuata Dar. Mtu wa dirishani akaniuliza nina hakika gani kwamba nitarudi. Nikamwambia, nina vichanja kumi na viwili ufukweni, nisiporudi nimwachie nani, wewe? Akagonga muhuri. Jirani ndiye atakayeniangalizia. Amekwisha kuniambia kwamba dagaa watakaonyeshewa atasema ni wangu.

Naondoka Jumanne. Mtoto huenda akanisubiri na huenda asinisubiri. Mimba ya tatu haina hakika zaidi kuliko ya pili, na mimi si mkunga. Lakini safari hii likitokea lolote, nitakuwa ng'ambo ya barabara, siyo ng'ambo ya dunia. Nimechoka, na nitakwenda nikiwa nimechoka hivyo hivyo.

Nilivyo navyo leo ni hivi, nimeviandika asije mtu akavichukua nisipokuwepo. Nyumba moja ya tofali za kuchoma, Butimba, vyumba sita, vinne vina wapangaji. Kiwanja Kisesa, hakijajengwa, kina mihogo. Vichanja kumi na viwili, turubai saba, moja limetoboka. Mzani. Mbuzi tisa. Ng'ombe sina, sikutaka kufuga tena. Baiskeli ya marehemu mume wangu. Watoto watatu walio hai na makaburi mawili. Wajukuu wanne. Koti zito la mtumba kutoka soko la Mirongo, la kiume, linafika magotini. Kilo tatu za ulezi uliosagwa na kilo mbili za dagaa wa jua, wamefungwa mara nne wasinuke. Hati ya kusafiria. Tiketi ya kwenda na kurudi.